Kofia Bila Vichwa: Juu ya Filamu ya A Man for All Seasons

Filamu ya A Man for All Seasons, iliyoongozwa na Fred Zinnemann mwaka 1966, imejaaliwa jambo ambalo kazi chache za senema hulipata: hata wasioipenda huiheshimu. Ilizoa tuzo sita za Oscar, ikiwamo ya filamu bora, ya muongozaji bora na ya mwigizaji bora, hii ya mwisho akapewa Paul Scofield. Wanasheria huitaja wanapozungumzia utawala wa sheria, mapadri huitaja wanapozungumzia dhamiri, na walimu huionesha pale wanapochoka kusomesha. Nami ni mmoja wa wenye kuiheshimu. Lakini heshima si uhakiki, na mara nyingi heshima ndiyo inayomzuia mhakiki asiulize. Swali ninalotaka kuliuliza hapa ni hili: tamthilia ilipovushwa kutoka jukwaani hadi kwenye skrini, ni nani aliyeachwa pwani?

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona, kisa chenyewe ni hiki. Henry wa Nane, Mfalme wa Uingereza, alitaka kuachana na Catherine wa Aragon, ambaye hakumbakishia mtoto wa kiume, ili amuoe Anne Boleyn. Papa wa Roma hakuibatilisha ndoa. Mfalme akajifanya mwenyewe kuwa mkuu wa Kanisa nchini mwake, na mwaka 1534 Bunge likapitisha sheria zilizowataka watu wale kiapo. Sir Thomas More, mwanasheria na mtunzi wa Utopia (1516), aliyekuwa Chansela wa Uingereza tangu mwaka 1529 hadi alipojiuzulu Mei 1532, hakula kiapo. Wala hakusema kwa nini hakula. Alitiwa ndani ya Mnara wa London Aprili 1534, akashitakiwa tarehe 1 Julai 1535, na siku tano baadaye akakatwa kichwa.

Robert Bolt, mwalimu wa skuli aliyegeuka mtunzi, alikiandika kisa hiki kwanza kwa ajili ya redio ya BBC mwaka 1954, kisha kikaingia katika televisheni, na hatimaye kikapanda jukwaani London, katika ukumbi wa Globe, tarehe 1 Julai 1960. Msomaji ameiona tarehe. Iwe ni sadfa au makusudi, ni miaka 425 kamili tangu siku ya hukumu. Bolt hakuwa Mkatoliki, na katika dibaji ya tamthilia yake amesema wazi kwamba hata Mkristo, kwa maana ya uzito ya neno hilo, hakuwa. Hili tulishike, maana tutalirejea.

Sasa, aliyeachwa pwani. Katika tamthilia, anayefungua pazia si More wala Mfalme. Ni mtu aliyevaa nguo nyeusi zisizo na cheo, mwenye kapu la mavazi, ambaye anaanza kwa kulalamika kwamba mchezo uliojaa wafalme na makadinali umeanzishwa na mtu kama yeye. Bolt amemwita Mtu Kawaida. Nilipojaribu, miaka mingi iliyopita, kuifasiri tamthilia hii kwa matumizi yangu mwenyewe (mimi sikusomeshwa tamthilia na mtu, nilizisoma na kamusi pembeni), jina hili ndilo lililonichelewesha kuliko jingine lolote. "Mwananchi" lina heshima nyingi mno na harufu ya hotuba. "Mlalahoi" na "kabwela" yanamtia huruma asiyoistahiki, kwa sababu mtu huyu hana dhiki ya kutisha. Anakula, anakunywa, na anajua kuhesabu. "Mja" lingefaa kwa utenzi lakini linamuondolea uovu. Nikabaki na Mtu Kawaida, si kwa kuridhika bali kwa kukosa jengine.

Mtu huyu ndiye anayecheza nafasi zote za watu wadogo. Anatia mkono kapuni, anatoa kofia, na tayari amekuwa msimamizi wa nyumba ya More anayeuza habari za bwana wake kwa yeyote mwenye sarafu. Anavaa nyengine, amekuwa mpiga makasia anayelalamikia nauli. Mara ni mwenye kilabu cha pombe asiyetaka kujua wateja wake wanazungumza nini. Mara ni askari jela. Katika onyesho la hukumu anatakiwa awe msemaji wa wazee wa baraza, na wazee wenzake si watu bali ni kofia tupu zilizopangwa, na miongoni mwa kofia hizo zimo zile alizozivaa yeye mwenyewe tangu mwanzo wa mchezo. Kofia zinamhukumu More. Mwisho, mtu huyuhuyu anajifunika uso na kushika shoka.

Sijui mbinu ya jukwaani ya karne iliyopita iliyo nyepesi kwa gharama na nzito kwa maana kuliko hii. Bolt hakuficha kwamba amejifunza kwa Bertolt Brecht, ingawa nadhani mwanafunzi amekwenda kwa njia yake. Kwa Brecht mtu wa chini hubanwa na mfumo, nasi hutakiwa tuuone mfumo. Kwa Bolt mtu wa chini habanwi na yeyote. Kila mara anayo nafasi ndogo ya kutenda jema, na kila mara anaikwepa kwa ucheshi, nasi tunacheka naye, mpaka tunapojikuta tumecheka hadi kwenye gogo la kukatia kichwa. Akishamaliza kazi yake anatuaga kwa ujamaa, kama jirani. Kuna miisho miwili iliyoandikwa, na katika yote miwili anatuhesabu kuwa wenzake.

Zinnemann, kwa kibali cha Bolt ambaye ndiye aliyeandika mswada wa filamu, alimfuta. Kazi zake wakagawiwa waigizaji mbalimbali: Colin Blakely akawa Matthew, msimamizi wa nyumba, mpiga makasia ana uso wake, askari jela ana wake, mwenye shoka ana wake. Kila mmoja anaonekana kwa dakika chache na kupotea. Hoja ya kumfuta inaeleweka. Jukwaa ni mahali ambapo mtu akivaa kofia tunakubali kwamba amekuwa mwengine, kwa sababu tumekwishakubali kwamba mbao ni mto na kitambaa ni anga. Kamera haina makubaliano hayo. Ukiionesha mto wa kweli, mashua ya kweli na ukungu wa kweli, kisha umlete mtu yuleyule mara tano kwa kofia tano, mtazamaji atadhani ni kosa au ni mzaha. Mwaka 1988 Charlton Heston aliifanyia televisheni filamu nyengine ya tamthilia hii, akiigiza More na kuiongoza mwenyewe, na akamrudisha Mtu Kawaida, aliyechezwa na Roy Kinnear. Nia ilikuwa njema na Kinnear alikuwa fundi, lakini matokeo yanampa haki Zinnemann: kwenye skrini mtu huyo anakuwa mchekeshaji mmoja miongoni mwa wahusika, hawi kioo.

Basi tusimlaumu muongozaji kwa kufuta. Tumuulize ameweka nini mahali palipobaki wazi.

Ameweka nyuso. Hili ndilo jibu, na ni jibu la mtu anayejua kazi yake. Zinnemann, mzaliwa wa 1907 aliyekulia Vienna, Myahudi ambaye wazazi wake waliuawa katika maangamizi ya Wanazi, alikuwa amekwishaifanya High Noon (1952), kisa cha mtu mmoja anayeachwa peke yake na mji mzima. Alijua kwamba kamera haihitaji mtu wa kutuambia kuwa wengi ni waoga. Inatosha ikae juu ya uso wa mtu mmoja pale anapoamua kutazama chini. Tazama onyesho la Mfalme anapowasili nyumbani kwa More, Chelsea. Robert Shaw, kijana, mwenye mavazi yanayong'aa kama jua, anaruka kutoka mashuani na kutua katika tope. Kimya. Watumishi na mabwana wote wanamtazama hawajui wafanye nini. Mfalme anaangalia miguu yake, kisha anacheka. Papo hapo wote wanacheka, na mabwana waliovaa hariri wanaruka topeni mmoja baada ya mwengine. Hakuna neno lililosemwa. Mtu Kawaida amerudi, safari hii amevaa hariri.

Kadhalika na Kadinali Wolsey. Orson Welles ameketi katika chumba kidogo, joho jekundu, kofia nyekundu, na kuta zenyewe zimepakwa wekundu huohuo, hata mwili wake mkubwa unaonekana kama umeota kutoka ukutani. Mpiga picha alikuwa Ted Moore, yuleyule aliyezipiga filamu za mwanzo za James Bond, na inafurahisha kuona mkono uliozoea mashaka na mabomu ukitulia namna hii juu ya mshumaa na karatasi. Wolsey anataka msaada wa More kuhusu talaka. More anakataa kwa adabu. Na tunaelewa, kabla ya neno kusemwa, kwamba ndani ya chumba hiki hapana nafasi ya rangi nyengine.

Na juu ya yote kuna Scofield. Alikuwa ameicheza nafasi hii London na New York, na watazamaji wa filamu hawakuwa wakimjua sana. Baadaye alikataa kuitwa "Sir", jambo ambalo More wake angelielewa. Sauti yake ni kavu na ya chini, yenye mikwaruzo, naye huitumia kama mtu mwenye akiba ndogo ya maji. Hapigi kelele hata mara moja mpaka hukumu imekwishatolewa. Kwa mtunzi wa mashairi somo liko hapa: uzito wa beti ya mwisho huandaliwa na kile ulichokinyima katika beti zote zilizotangulia.

Nifike sasa kwenye kimya, kwani ndicho kiini cha kisa hiki, na ndipo ninapodhani msomaji wa pwani ana macho ambayo msomaji wa London hanayo. Utetezi wote wa More umejengwa juu ya kanuni ya sheria ya Kirumi kwamba mwenye kunyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Sikula kiapo, anasema, lakini sikusema neno dhidi yake. Kama mnataka kukifasiri kimya changu, sheria inawalazimu mkifasiri kuwa ni ridhaa. Cromwell, aliyechezwa na Leo McKern kwa ulaini wa kutisha, anajibu kwamba kimya kina aina zake. Kimya cha maiti hakina maana yoyote. Lakini akitokea mtu kuchomoa jambia hapa mahakamani amuue mshitakiwa, na waheshimiwa wote wakanyamaza, kimya chao kitakuwa kimesema.

Waingereza hulisikia hili kama mashindano ya mawakili wawili. Sisi tumelizoea kwa njia nyengine. Kila aliyehudhuria ndoa visiwani anajua kwamba bikira akiulizwa naye akanyamaza, kimya chake ni idhini, ilhali mwanamke aliyekwisha kuolewa hana budi aseme kwa ulimi wake. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyo mengi katika mwambao wetu, wana kanuni iliyonasibishwa na Imamu Shafi mwenyewe: aliyenyamaza habebeshwi kauli, na waliokuja baadaye wakaongeza kwamba kimya mahali panapohitaji usemi ni usemi. Angalia namna kanuni hii ilivyo pana kuliko ile ya Roma. Sehemu yake ya kwanza ingemwokoa More bila ya kumbandika ridhaa asiyokuwa nayo. Sehemu ya pili ndiyo hoja ya Cromwell, na jambia lake ndilo mfano wake. Kesi nzima imo ndani ya sentensi mbili za fikihi, na mwenye kuzijua zote mbili hawezi kuitazama hukumu ile kwa wepesi wa kusema huyu mwema, huyu mwovu. Maana Cromwell, katika hili moja, anasema kweli. Kimya cha More kilikuwa na mshindo. Ulaya nzima ilikisikia. Alichofanya Cromwell baada ya hapo, kumleta Richard Rich aape uwongo, ni ushahidi kwamba hata yeye alijua kuwa mshindo si ushahidi.

Filamu inakiheshimu kimya hiki kwa namna ambayo jukwaa haliwezi. Kuna onyesho fupi la harusi ya Mfalme na Anne (Vanessa Redgrave, dakika chache tu, lakini huzisahau vipi?). Katikati ya furaha Mfalme anamuona mtu kwa nyuma, anadhani ni More amekuja, uso wake unachanua, anamwita. Mtu anageuka, siye. Hapo tunafahamu kwamba Mfalme hahitaji saini ya More. Anahitaji aambiwe na mtu mkweli kwamba hakukosa. Hakuna hotuba ingelieleza hilo vizuri zaidi ya mgongo wa mtu asiye na jina.

Neno jengine lililonitesa katika kufasiri ni "nafsi". Bolt, asiyekuwa na dini, alimtaka More kwa sababu alimuona ni mtu aliyejua mipaka ya nafsi yake: kipi akiachie kwa adui, kipi akiachie kwa ampendaye, na wapi hatimaye asiachie tena. Kiapo, kwa Bolt, ni pale mtu anapoishika nafsi yake yote mkononi. Kuna mfano maarufu, umo katika tamthilia na umo katika filamu, ambapo More anamwambia binti yake Margaret kwamba mwenye kula kiapo amejishika mwenyewe kama maji katika viganja, na akifungua vidole asitaraji kujiona tena. Ni mfano mzuri sana. Lakini ukiuleta kwa Kiswahili, neno "nafsi" linakugeukia. Kwetu nafsi si ngome ya mwisho ya mtu. Mara nyingi ndiyo adui yake wa kwanza. Nafsi huamrisha mabaya, nafsi hupigwa vita, nafsi hulaumu. Ukisema "shujaa wa nafsi", msikilizaji ataelewa mtu aliyeishinda, si mtu aliyeilinda. Kwa hiyo Kiswahili kinamrejesha More kwa Mola wake, mahali ambapo Bolt alimtoa, na nadhani More wa kweli angeshukuru. Yule wa kihistoria hakufa kwa ajili ya kubaki yeye. Alikufa kwa sababu aliamini kwamba kuna Mwenye kusikiliza viapo.

Ni hapa ambapo fikra yangu huenda kwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka mwaka 1969, miaka mitatu baada ya filamu hii. Naye yumo kifungoni, naye anatakiwa neno moja tu: aseme kwamba maji yalikuwa uwongo. Wenzake wanamsihi aseme apone. Anakataa, si kwa kuwa maji yaliwakinga na risasi, bali kwa kuwa neno hilo halikuwa tena mali yake kulikanusha. More ananyamaza ili asiitamke kweli yake; Kinjeketile anakataa kutamka kile ambacho adui anakiita kweli. Wote wawili wana maji mikononi. Tofauti ni kwamba Hussein hakumuacha shujaa wake asafike: damu ya waliolishika neno inamfuata mpaka pazia linaposhuka.

Na kusafika kwa More ndiko kunakonitia mashaka makubwa zaidi juu ya filamu hii. Wakati wa uchansela wake watu sita walichomwa moto kwa kosa la uzushi, na katika baadhi ya kesi hizo mkono wake ulikuwemo. Filamu haisemi. Uzushi umebakishwa kama kichekesho: kijana Roper, Mluteri wa msimu mmoja, ananyimwa posa mpaka arudi kundini. Hapana moto. Hapana kuni.

Wala hayumo William Tyndale. Hapa nakiri kuwa nasema kama mfasiri, na wafasiri tuna ukoo wetu. Tyndale alilitoa Agano Jipya kwa Kiingereza kutoka Kigiriki, likachapishwa mwaka 1526, na More aliandika dhidi yake mamia kwa mamia ya kurasa, kuanzia mwaka 1529. Ugomvi ulikuwa juu ya maneno. Tyndale aliandika "kusanyiko" pale ambapo Kanisa lilitaka "Kanisa". Aliandika "mzee" pale palipozoeleka "kasisi". Aliandika "upendo" pale palipozoeleka neno lenye maana ya sadaka na ihsani. More, mjuzi wa Kigiriki, alijua kwamba maneno hayo yanaweza kutetewa kwa kamusi. Alichokiona ni kwamba yangeubomoa utawala mzima wa Kanisa. Aliona sawasawa. Mwenye kuifungua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 atawakuta wazee na upendo mahali palepale alipowaweka Tyndale. Yeye mwenyewe alinyongwa na kuchomwa moto karibu na Brussels mwaka 1536, chini ya utawala wa Kaizari, mwaka mmoja baada ya More kufa. More hakumuua. Lakini hakuwa amemtakia jengine.

Basi mtu aliyetuambia, katika onyesho linalopendwa kuliko yote, kwamba angempa Shetani mwenyewe haki ya sheria kwa usalama wake yeye, hakumpa haki hiyo mfasiri wa Injili. Onyesho lile ni zuri. Sheria zimefananishwa na miti iliyopandwa nchi nzima, na anayeikata yote ili amfikie Shetani ajiulize atasimama wapi upepo utakapomgeukia. Sisi tuliokata mikoko na kuona bahari ikiingia mashambani tunajua miti ya pwani ina kazi gani. Lakini ni maneno ya Bolt, mtu wa karne ya ishirini, ametiwa kinywani mtu wa karne ya kumi na sita. Hilary Mantel, katika riwaya yake Wolf Hall ya mwaka 2009, aliupindua mchezo: Cromwell akawa mtu wa akili na huruma, na More akawa mkali mwenye kufurahia mateso. Wengi walisema amelipiza kisasi kwa filamu ya 1966. Mimi naona amelipia deni ambalo filamu ile iliacha kulitaja, akatoa na riba kubwa mno.

Kuna habari moja juu ya Bolt ambayo haikosi kunirejesha kwake kwa upole. Mwaka 1961, tamthilia ikiwa bado inatamba, alikamatwa London pamoja na wenziwe wa Kamati ya Watu 100, ya Bertrand Russell, kwa kupinga silaha za nyuklia. Walitakiwa waweke ahadi ya kutovunja amani. Alikataa, akafungwa mwezi mmoja. Lakini mswada wa Lawrence of Arabia ulikuwa haujakamilika, watu na mali vinasubiri, na mtayarishaji Sam Spiegel akamfuata jela kumbembeleza. Bolt akatia saini, akatoka. Inajulikana kwamba jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Kwa hiyo aliyeketi miaka michache baadaye kumfuta Mtu Kawaida katika mswada wa filamu alikuwa ni mtu ambaye, kwa siku moja, amekwishaivaa kofia yake. Msomaji afasiri apendavyo. Mimi kila ninapomuona More wa Scofield dirishani mwa Mnara, misimu ikibadilika nje, humuona na yule mwengine, anayeomba kalamu.

Limebaki suala la mwisho wa filamu. Shoka likishashuka, skrini inakuwa nyeusi, na sauti inatuhadithia yaliyowapata waliosalia. Kichwa cha More kilitundikwa mwezi mzima mpaka binti yake alipokichukua. Cromwell naye alikatwa kichwa, mwaka 1540. Askofu Mkuu alichomwa moto. Norfolk aliponea usiku mmoja kwa sababu Mfalme alitangulia kufa. Richard Rich akawa Chansela wa Uingereza. Watazamaji hutoka na maneno hayo masikioni, na wengi huyataja kuwa ndiyo makali zaidi katika filamu nzima.

Ni maneno ya Mtu Kawaida. Ndiyo pekee aliyoachiwa, na hata hayo yamehamishwa. Katika tamthilia anayasoma kabla ya More kufikishwa mbele ya kofia zile, hukumu ikiwa bado haijaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za bidhaa. Kwenye skrini yamekuwa fidia: mwema amekufa, basi tuambiwe na wabaya walipata nini. Jukwaani hayamfidii mtu. Aliyekaa katika ukumbi wa Globe mwaka 1960 alimtazama Scofield akisimama peke yake, akamtazama Rich akipanda kizimbani na mkufu wa cheo kipya shingoni, akamuona akiinua mkono wa kulia kuapa, hali amekwishaambiwa kwamba kijana huyu atakuwa Chansela, na kwamba atakufa kitandani mwake.